Mafuta Juu ya Kitambaa

Vifungo vya Cirimwami vilifika vimefungwa kwa karatasi nzito,
ukurasa uliochanwa katika kitabu cha picha,
na nilipovimwaga mezani, dazeni nne, vyeusi, vya matundu mawili,
mwanamke alibaki mkononi mwangu, uchi, anajikausha kisigino.

Asifiwe, ninayemfundisha kazi, aligeukia ukuta.
"Mama, ni aibu."
Nikamwambia ahesabu vifungo.

Chini ya picha, jina la Mfaransa, nusu limekwenda na mpasuko,
na maneno matatu niliyoyaweza kwa Kifaransa changu cha darasa la sita:
huile sur toile.
Mafuta juu ya kitambaa.
Nilicheka mpaka pini zikaniponyoka mdomoni.
Hapa Kadutu mafuta juu ya kitambaa ni msiba:
tone moja la mashini kwenye kitenge cha harusi
na utakilipa kizima, na matusi juu.
Yeye aliyamwaga makusudi, wakamtafutia msumari.

Nikampima kwa jicho. Ni kazi, siwezi kuizuia.
Bega la kushoto limeshuka sentimita mbili.
Kiuno sabini na nane, themanini akishakula.
Nyonga mia na nne, na hapo Mfaransa hakubana,
aliacha nafasi, kama fundi anayejua mteja atazaa tena.
Lakini rangi! Paja zambarau. Kwapa la chungwa.
Mgongoni kimepita kijani, kijani cha ndizi mbichi,
na bado ni ngozi, ningeigusa ningekuta joto.
Mfupa hakuuchora hata mmoja, na goti linakunjika.

Miaka ishirini na sita nazungusha futi viunoni mwa wanawake wa Bukavu,
wake wa maafisa, wauza sambaza, wajane wanaopimia nyeusi.
Futi ikifika tumboni, wote wanabana pumzi.
Wote. Hata mtawa.
Nimeshonea watu wasiopumua,
na wakiketi kanisani, zipu inasema ukweli.
Huyu hakubana. Tumbo lake limelala juu ya paja
kama paka.
Alimwambia nini, huyo mwanamume, hata akasahau kwamba anatazamwa?
Au alikuwa amemchoka tu, siku ya mia ya kuchorwa,
maji yanapoa, na kuni za kuyachemsha alinunua nani?

Usiku umeme haukuwapo.
Nikaoga nyuma ya nyumba: beseni, nusu jerikani, taa ya simu juu ya tofali.
Ziwa halionekani kutoka kwetu, unyevu wake tu ndio unaopanda.
Nikaweka mguu kwenye ukingo wa beseni, kama yeye,
na beseni, la plastiki, likapinduka.
Basi nikasimama bila maji, sabuni mpaka shingoni,
nikajitazama kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.
Goti linataka bluu. Titi ni chai ya rangi, wekundu kidogo pembeni.
Chini ya kitovu, mshono wa daktari, wa mtoto wa pili, umekwenda upogo;
angekuwa Asifiwe ningemwambia fumua, rudia.

Mushagalusa akaita kutoka ndani: "Maji yamekwisha?"
Sikujibu.
Alikuja na birika, akayaonja kwa kidole,
akanimwagia mgongoni polepole, bila neno,
na taa hakuizima.

Asubuhi nikakuta Asifiwe amembandika yule mwanamke ukutani
na kumvika kipande cha kitenge kwa pini nne.
Kimemkaa vibaya. Kimembana nyonga.
Nilitaka kukitoa, mteja akaingia:
mama Nsimire, gauni la ubatizo wa mjukuu.
Futi ikafika tumboni. Akabana.
Nikangoja, ncha mbili mkononi.
"Pumua, mama."
Akanitazama. Akatazama ukuta, zile pini.
"Nani amemfunga hivyo?" akauliza,
na katika kuuliza, pumzi ikamtoka.
Sentimita saba.
Nikaziandika zote.